Umeokota Nini? Mwongozo Kamili wa Vitu vya Ajabu Ufukweni na Mashambani Bagamoyo

Ukitoka soko la samaki la Bagamoyo ukafuata ufukwe kuelekea kusini, maji yakiwa yamekupwa, ni vigumu kufika Kaole bila kukanyaga kitu kilichotengenezwa mbali. Kipande cha bakuli la China, shingo ya chupa ya Ulaya, mbegu iliyoelea kutoka ng'ambo, boya lenye maandishi usiyoweza kuyasoma. Wengi hupita. Wachache huinama, wakageuza kitu mara mbili, kisha wakakitia mfukoni au wakakitupa. Mwongozo huu ni wa hao wanaoinama, na nasaha yake kubwa ni moja: kabla ya kuokota, tazama kilipolala. Kitu kilichoondolewa mahali pake bila maelezo ni pambo la kabati. Kikiwa na mahali pake, tarehe yake na jirani zake, ni ushahidi.

Nenda lini, ubebe nini

Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji ya huku kwetu hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hapo ndipo sehemu ya ufukwe isiyoonekana siku nyingine hujitokeza. Maji mafu, siku za kati ambazo bahari haikupwi sana, hayafai sana kwa kazi hii. Kusi likivuma kwa nguvu mchanga huhama: juzi palikuwa na mchanga mtupu, leo mawimbi yamekwangua mpaka udongo wa chini, na vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vimelala juu yake vikiwa vimeoshwa. Muulize mvuvi yeyote aliyezoea upande ule. Mpe shikamoo yake, mwachie amalize kutengeneza wavu, kisha mwulize ni wapi ufukwe umeliwa mwaka huu. Atakuonyesha kwa kidole, na utakuwa umeokoa nusu siku.

Masika nayo ina vyake. Mto Ruvu hufurika na kumwaga baharini, kaskazini ya mji, magogo, matunda na takataka za kutoka bara. Mashambani, kuanzia Kaole mpaka Mlingotini, mvua ya kwanza baada ya kulima huosha matuta na kuacha ushanga na vigae vikimeta juu ya udongo. Njia za miguu zinazokatwa na maji ya mvua zinastahili kutazamwa vilevile, hasa kingo zake.

Beba simu yenye chaji, daftari, kalamu ya risasi (ya wino hufutika ikilowa), bahasha au mifuko midogo ya karatasi, glavu za kazi, na chupa mbili za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi: moja ya kunywa, nyingine ya kusuuzia. Viatu vya kufunga, tafadhali, si kandambili. Chepe, jembe na mtarimbo viache nyumbani. Kuokota kilichojitokeza ni jambo moja. Kuchimba kutafuta mambo ya kale bila leseni ni kosa la jinai, na huharibu kwa dakika kumi tabaka zilizochukua karne kujipanga.

Kwanza kabisa: je, kinaweza kukudhuru?

Hapa ndipo ninapotaka uwe mwoga. Tarehe 15 Agosti 1916 jeshi la majini la Uingereza liliushambulia mji wa Bagamoyo na kushusha askari ufukweni kuwatoa Wajerumani. Tanga walipigana mapema zaidi, Novemba 1914. Vita vile viliacha vyuma ardhini na majini, na baadhi havijalipuka. Baruti haiheshimu umri. Watu wa Dar es Salaam wanakumbuka Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka na mabomu kurushwa hadi kwenye makazi ya watu.

Utalijuaje kombora ambalo halijalipuka? Kwa kawaida ni chuma kizito chenye umbo la chupa au la papai refu, kimeota kutu na chokaa ya baharini mpaka kinafanana na jiwe. Tafuta, kwa macho tu, pete ya shaba iliyozunguka karibu na kitako. Pete hiyo ilibana ndani ya mtutu ili kombora lizunguke linapofyatuliwa, na kwa kuwa shaba haioti kutu kama chuma, mara nyingi ndiyo inayobaki na rangi ya kijani ilhali mwili mzima umegeuka kahawia. Ukiiona, rudi nyuma kwa njia uliyojia. Usiligonge, usilisogeze, usilitie ndoo ukalipeleka kituoni kama wafanyavyo wengine kwa nia njema. Piga picha kwa mbali, simika vijiti viwili vitatu pembeni, fukuza watoto, piga 112. Na usimtaje mnunuzi wa vyuma chakavu hata kwa utani, kwa sababu atakuja na nyundo.

Hatari nyingine ni za haraka zaidi. Konokono wa bahari mwenye umbo la koni, mwenye madoa mazuri ya kahawia na nyeupe, ana mwiba wenye sumu anaoweza kuurusha upande wowote wa gamba. Aina mojawapo, *Conus geographus*, imeua watu, na dawa ya kupinga sumu yake haipo. Gamba la umbo hilo usilishike ukiwa ndani ya maji, wala usilitie mfukoni hata ukidhani ni tupu. Konyeza, yule kiumbe laini wa baharini kama ute, aliyekauka mchangani bado anawasha. Madumu yaliyofungwa, mitungi ya gesi, fataki za kuombea msaada baharini na mabomba ya sindano, yote hayo ni ya kuripoti, si ya kufungua.

Mifupa ya binadamu ni jambo jingine. Ufukwe ukiliwa karibu na makaburi ya zamani, hutokea. Usiiguse wala kuipiga picha za kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Mwite mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, naye atawaita polisi. Kama ni mifupa ya zamani, polisi watawaita wataalamu. Kama si ya zamani, ni vizuri zaidi kwamba hukuigusa.

Halafu: picha kabla ya mkono

Kitu kikiwa salama, bado usikiokote. Piga picha tatu. Ya kwanza simama mbali, mpaka kitu kiwe doa tu na nyuma yake yaonekane mambo yasiyohama: mnazi ulioinama, ukuta wa forodha ya zamani, mdomo wa kijito. Ya pili kwa hatua mbili tatu. Ya tatu kwa karibu, ukiwa umeweka kando yake kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake, kwa mfano sarafu ya shilingi 200 au kalamu. Kama kina michoro iliyokwaruzwa, mwanga wa mchana wa saa sita utaificha. Subiri jua la pembeni, au kikinge jua kwa mwili wako na umulike kwa tochi ya simu ukiilaza karibu na ardhi. Mikwaruzo ambayo hukuiona itainuka yote.

Fungua ramani ya simu, bonyeza mahali uliposimama, nakili tarakimu zile. Kisha andika kwa maneno, maana simu hufa: tarehe, saa, bamvua au maji mafu, juu ya mstari wa maji kujaa au chini yake, mchangani, kwenye tope la mikoko au kwenye ukingo wa udongo. La mwisho ni muhimu kuliko yote. Kigae kinachochomoza kwenye ukingo bado kiko nyumbani kwake na hakipaswi kung'olewa kabisa; kigae kinachobiringika mchangani kimekwisha kusafiri. Andika pia kilikuwa na nani. Vigae kumi vya chungu kimoja, mifupa ya samaki, makaa na majivu vikiwa pamoja ni jiko la mtu.

Kukisoma kigae

Vigae ndivyo utakavyokutana navyo zaidi, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kaole palikuwa na mji kuanzia karne ya 13, una misikiti miwili na makaburi ya mawe ambayo mengine yana nguzo zilizopambwa kwa mabakuli ya kigeni. Mji ule uliishi kwa biashara. Tope na mikoko vilipoziba bandari yake, shughuli zilihamia Bagamoyo ya sasa, na huko nako watu wakaendelea kuvunja vyombo.

Anza na ukingo uliovunjika, si na uso uliopambwa. Dondoshea tone la maji baridi. Likinywewa papo hapo, umeshika udongo wa kawaida. Likikaa juu bila kuzama, umeshika kauri ya moto mkali. Jaribio hili halina gharama na linatenganisha udongo wa kawaida na kauri kama ya China kwa sekunde tano.

Kama ni udongo wa kawaida, wa kahawia au mweusi, usikitupe kwa dharau kwa sababu hakina rangi. Tazama shingo. Vyungu vya pwani yetu vya kati ya karne ya 7 na ya 10 mara nyingi vimechorwa pembetatu shingoni, zimejazwa mistari iliyokwaruzwa udongo ulipokuwa bado mbichi. Wanaakiolojia, akiwemo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameutumia urembo huo kufuatilia makazi ya wakulima na wavuvi wa pwani kabla ya misikiti ya mawe kujengwa. Kwa maneno mengine, kigae kile cheusi chenye masizi kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko porseleni yoyote utakayoiona mwaka mzima.

Kikiwa na rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, na mwili wake ndani ni laini wa manjano mpauko, huenda kimetoka upande wa Ghuba ya Uajemi. Majagi makubwa ya aina hiyo yalikuja pwani hii mapema sana.

Seladoni, vyombo vya China vilivyopakwa mng'ao wa kijani, yaani utando kama kioo, ni kitu kingine. Shika kipande kimoja karibu na macho: mng'ao wake ni mzito, una kina, rangi yake ni ya jani la mgomba lililoanza kufifia, na ndani yake mna viputo vidogo vilivyoganda. Ukingo uliovunjika ni wa kijivu au mweupe mchafu, umeshikamana kama jiwe. Geuza. Ikiwa umebahatika kupata kitako, pete yake ya kukalia haina mng'ao, na pale mng'ao ulipokomea udongo umeungua ukawa mwekundu wa matofali. Wekundu ule ulitokea tanurini.

Porseleni nyeupe yenye michoro ya bluu ina mtego. Ya China, bluu yake imo chini ya mng'ao na mistari ya brashi huonekana, hapa nzito pale nyepesi, kama mkono ulivyopumzika. Ya Ulaya ya karne ya 19 mara nyingi ina picha iliyopigwa kwa chapa, yenye vidoti sawasawa na maungio mahali karatasi ya chapa ilipokutana. Kuna pia mabakuli ya Maastricht, Uholanzi, yaliyouzwa kwa wingi pwani yote ya Waswahili. Yana maua na mapambo ya rangi kali, na kitakoni unaweza kukuta jina la Regout. Bibi zetu waliyapanga kwenye shubaka.

Vipande vingi vyeupe tupu utakavyookota ni vya vyoo na masinki. Usiumie.

Vigae vya paa vizito, vyekundu, vyenye mifereji nyuma na herufi zilizopigwa muhuri ni habari fupi lakini tamu: soma herufi. Ukiona Mangalore, kigae hicho kilivuka bahari kutoka India kuja kuezeka nyumba ya mfanyabiashara au ofisi ya serikali.

Sarafu: tundu, simba na mizani

Sarafu iliyotoka baharini haionekani kuwa sarafu. Ni duara la kijani au jeusi lenye vipele. Iweke kwenye maji baridi, iache usiku kucha, ibadilishie maji, kisha iguse kwa mswaki laini sana ambao ulikwisha kuchoka. Ndimu, siki, mchanga, majivu na dawa ya kung'arishia shaba, marufuku. Sarafu iliyosuguliwa hung'aa kwa siku mbili na hupoteza maandishi milele, na kwa mkusanyaji imekufa.

Ikiwa na tundu katikati, watu wote husema ni ya Mjerumani. Si lazima. Wajerumani walitoa sarafu za heleri 10 zenye tundu kuanzia 1908 na za heleri 5 zenye tundu mwaka 1913 na 1914, zote zikiwa na maneno Deutsch Ostafrika. Lakini senti za Waingereza zenye tundu, zenye jina East Africa, zilitumika hapa miaka mingi mno na ndizo zilizotapakaa. Soma herufi kabla ya kuota ndoto.

Kabla ya heleri kulikuwa na pesa za shaba za kampuni ya Kijerumani, kuanzia 1890, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 mfumo ukabadilishwa, rupia ikawa heleri 100. Rupia yenyewe ni ya fedha, gramu 11.66, ina kichwa cha Wilhelm II aliyevaa kofia ya vita, na zile za mwanzo zina simba mbele ya mnazi. Shaba ndogo yenye mizani na mwaka 1299 ni ya Sultani Barghash wa Unguja. Mwaka huo ni wa Hijria, sawa na 1882 hivi. Na ile riale kubwa ya fedha ya Maria Theresa, yenye mwanamke mnene na mwaka 1780, haithibitishi mwaka wowote, kwa sababu iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile muda mrefu baada ya malkia huyo kufa.

Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, walipiga sarafu zao wenyewe Tabora, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye tembo. Mtu akikuuzia moja ya hizo barabarani Bagamoyo, mpe pole na uendelee na safari.

Vilivyoletwa na mkondo

Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi hutoka mashariki, karibu na Australia na Indonesia, ukaja kupiga pwani ya Afrika Mashariki. Hili si jambo la vitabuni tu. Ndege ya Malaysia, MH370, ilipotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Julai 2015 kipande cha bawa lake kikakutwa Réunion. Juni 2016 kipande kingine, cha bawa la kulia, kikaokotwa kisiwani Pemba, na Septemba mwaka huohuo wachunguzi wa Australia wakathibitisha kuwa ni cha ndege ileile. Vipande vya namna hiyo unavitambua kwa wepesi wake usiolingana na ukubwa, tabaka za nyuzi zilizogandishwa na ndani yake sega la pembesita, misumari iliyopangwa kwa mstari, na vibandiko vyenye namba. Usikwangue makome yaliyoota juu yake: wataalamu huyatumia kukisia muda kilichokaa baharini na maji kilikopitia. Kiburute juu ya mstari wa maji, usikisafishe, toa taarifa polisi.

Maboya ya duara yenye sola juu ni ya meli za jodari, na mitungi mirefu yenye antena huenda ikawa vipimo vya wanasayansi wa bahari. Yote yana namba, mengine yana anwani. Betri zake zikipasuliwa huweza kuwaka moto, kwa hiyo anayetaka kutengeneza taa ya nyumbani kwa boya atafute njia nyingine.

Jiwe jepesi la kijivu lenye vitundu, linaloelea, ni povu la volkano lililoganda. Krakatoa ya Indonesia ilipolipuka Agosti 1883, mawe ya namna hii yalielea mpaka pwani ya Afrika. Lako linaweza kuwa la mlipuko wowote baada ya hapo. Linafaa kusugulia visigino, na sioni dhambi katika hilo.

Mbegu ngumu ya kijivu inayoteleza kama gololi ni komwe. Huelea miezi na mwisho wake ni kwenye bao la wazee. Mbegu kubwa bapa, ya kahawia, yenye umbo la moyo hutoka kwenye mtambaazi mkubwa wa misituni na hushuka na mito. Na ukikuta kokoto za kahawia zenye pembepembe zinazoingiana sawasawa, hakuna aliyezichonga: ni mbegu za mkomafi, tunda lake limepasuka.

Halafu kuna ambari, ndoto ya kila mpita ufukweni. Hutoka tumboni mwa nyangumi mkubwa wa aina moja, huelea, na watengeneza manukato huilipia sana. Donge lenye rangi ya kijivu, kahawia au jeusi, lenye tabaka ndani na pengine vipande vyeusi vya midomo ya ngisi, linastahili jaribio: pasha sindano moto uiguse. Ambari huyeyuka mara moja ikawa ute mweusi unaonata, ikatoa harufu nzito yenye utamu na samadi kwa pamoja. Ikitoa harufu ya mpira, ni mpira. Ikiwa nyeupe na inanuka mafuta yaliyochacha, ni mawese yaliyomwagwa na meli, na mbwa wako asiile. Kwa kadiri nijuavyo watu wa hapa, madonge mengi huishia kuwa mshumaa. Likipita jaribio, nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote.

Sandarusi na ushanga wa mashambani

Ukilima ukakuta kitu cha manjano kinachopitisha mwanga, chepesi, chenye ngozi ya vipele vidogo vidogo kikisafishwa, huenda ni sandarusi, utomvu wa msandarusi uliozikwa. Karne ya 19 sandarusi ya mrima huu ilichimbwa na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Watu huiita kaharabu, lakini kaharabu ni ya mamilioni ya miaka. Dondoshea spiriti kali kwenye kona na ubonyeze kidole: sandarusi hunata, kaharabu hainati. Mdudu akiwa ndani, usijaribu kumtoa.

Ushanga mdogo mwekundu wenye moyo mweupe ni wa enzi za misafara. Mizigo ya ushanga ilitoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Ushanga huonekana vizuri zaidi asubuhi baada ya mvua. Weka kila mahali na bahasha yake, usiutunge uzi mmoja.

Kuhusu chupa, fuata mshono kwa kidole kutoka chini kwenda juu. Ukikatika kabla ya mdomo, mdomo ulimaliziwa kwa mkono na chupa ni ya takriban miaka mia au zaidi. Ukipita mpaka juu ya mdomo, ni ya mashine.

Visivyookotwa

Chini ya mbuyu, pangoni au kando ya kaburi la nguzo utakuta kitambaa chekundu au cheupe, chupa ya marashi, chetezo, sarafu, ganda la yai. Hivyo havikupotea. Kuna mtu aliyeviweka akiwa na shida yake, na kaburi la Sharifa pale Kaole linatembelewa mpaka leo. Pita kwa heshima.

Gamba lenye kiumbe ndani mwachie mwenyewe, na gamba tupu lichungulie: mara nyingi kaa amehamia. Kasa mwenye kibati kwenye kikono, au ndege mfu mwenye pete mguuni, nakili namba yote bila kukosa herufi na umpe afisa uvuvi au afisa wanyamapori. Namba hiyo humweleza mtafiti wa nchi ya mbali mnyama wake alifika wapi.

Kutunza usiku wa kwanza

Chumvi ndiyo adui. Kigae cha baharini kikikaushwa juani, chumvi iliyomo hugeuka fuwele na kuubandua mng'ao vipande vipande. Kiloweke maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji, kisha kikauke kivulini. Chuma kikitoka majini kikaachwa kikauke, hupasuka na kumong'onyoka. Kiache ndani ya maji mpaka mtaalamu akione. Mbao ni hivyohivyo, itie kitambaa kilicholowa. Usiandike juu ya kitu kwa wino wala usigundishe vipande kwa gundi. Bahasha, namba, na namba hiyohiyo daftarini.

Kumpelekea nani

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu nchini kabla ya 1863, na aliyegundua anatakiwa kutoa taarifa. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali hairuhusiwi, hata kama mgeni ni rafiki yako na anaondoka kesho. Njia rahisi ni kwenda kwa walinzi wa magofu ya Kaole au ofisi ya Mambo ya Kale mjini. Njia ndefu ni Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, au idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu. Kama uko Tanga, anzia magofu ya Tongoni. Nenda na daftari na picha kwanza, kitu kibaki nyumbani au mahali pake. Mara nyingi picha nzuri na mahali palipoandikwa sawasawa vinatosha, na utaambiwa ukiache ulikokikuta.

Njiani utakutana na wanunuzi. Atakayekwambia rupia yako ina zebaki nyekundu, au kwamba kuna hazina ya Mjerumani chini ya mbuyu na inahitajika "pesa ya kafara" kidogo ili ifunguke, anataka pesa yako, si rupia yako. Fedha halisi haivutwi na sumaku; ikivutwa, ni chuma kilichopakwa.

Ukikabidhi kitu, taka maandishi: jina la aliyepokea, cheo, tarehe, maelezo ya kitu na mahali kilipookotwa. Piga picha ya kitu kikiwa mezani kwake pamoja na karatasi hiyo. Ofisi za mambo ya kale zina saa zake za kazi, na kigae kilichongoja miaka 600 kitangoja Jumatatu. Kombora, mifupa au kipande cha ndege havingoji. Kituo cha polisi kiko wazi usiku kucha.